Matuta

Baba alilima viazi chini ya usawa wa bahari,
kwenye tambarare iliyokuwa ziwa
kabla babu ya babu yake hajazaliwa.
Nchi bapa kama kiganja. Angusha sarafu hapa Veenkerk, alisema,
mchungaji ataisikia kanisani, na ataifuata.

Kisha wakaleta barabara ya tano ya kurukia ndege
nyuma ya mfereji, kilomita tatu na ushei kutoka jikoni kwetu.

Watu hudhani kelele ya ndege hutoka juu.
Ya juu tuliizoea. Ya juu ina adabu:
hupiga hodi, hupita, huenda zake Ureno.
Ni ile ya chini,
ndege inaposimama kukusanya pumzi kabla ya kukimbia.
Hiyo hutambaa.
Huja na umande juu ya nyasi,
huingia kwa sakafu, hupanda miguu ya kitanda,
hukaa kifuani kama paka wa jirani.
Vikombe vya mama vilijifunza kunong'onezana kabatini.
Serikali ikatuwekea vioo viwili kila dirisha;
tukawa samaki wa kufugwa,
na mvumo ukaja vilevile.

Sikio halilali njaa.
La mama lilivimbiwa.
Aliandika yote kwenye daftari la bei ya mayai:
*Saa tisa na robo usiku, tatu mfululizo.
Saa kumi kasoro, moja, nzito, mbwa akalia.*
Alipiga simu ya malalamiko mpaka kijana wa huko, Sjoerd,
akamjua kwa kikohozi.

Baba alilala kama gunia.
Miaka arobaini ya trekta ilikuwa imemla sikio la kulia,
na la kushoto alililalia.

Mwaka aliostaafu shamba likabaki tupu:
nyasi, bata bukini, upepo.
Oktoba ile mama aliandika hadi kalamu ikakauka.
"Wameongeza ndege," akasema.
Sjoerd akaangalia vitabu vyake. Hapana, bibi. Zimepungua.
"Basi mimi ni mwongo," akasema mama, akakata simu,
na supu ikapoa mezani.

Ni mimi niliyekaa na madaftari,
miaka kumi na mmoja ya mayai na ndege,
nikipitisha kidole chini ya kila tarehe.
Kila vuli ya zamani kurasa zinaanza kuwa nyeupe.
Kila vuli, viazi vikishang'olewa,
baba akishageuza udongo na kuuacha
umetoka mbavu kama mbwa wa njaa,
usiku ulikuwa unasahau kumwamsha mama.

Mvumo ulifika shambani ukajikwaa.
Ukapanda tuta, ukashuka, ukapanda tena,
ukapunguza mwendo
kama lori mbele ya shule.

Nilipomwambia baba, alivua kofia, akaitazama ndani.
"Kwa hiyo nilikuwa namlaza," akasema.
"Na yeye miaka yote ananisema kwa matope."

Wahandisi wakaja na vipimo vyao.
Likaja tingatinga linaloongozwa na setilaiti,
likafinyanga matuta marefu kuliko mlango,
safu kwa safu, kila moja na kivuli chake.
Baba alisimama ukingoni, mikono nyuma.
"Yamenyooka mno," akasema. "Viazi visingekubali."

Sasa kumetulia. Si kimya;
kimya ni cha wanaoishi mbali.
Vikombe vimeacha umbea,
isipokuwa upepo ukitoka kusini magharibi.

Lakini jana usiku shangazi Gesina alipiga simu kutoka ng'ambo,
kule walikohamishia mapito ya usiku
ili sisi tupumue.
Hakugomba. Hakusema hata jina lake.
Aliweka tu simu dirishani.

Mama alisikiliza hadi ikaisha,
hadi mwangwi wake nao ukaisha.
Kisha akavuta droo, akatoa daftari jipya,
akalamba ncha ya penseli.
"Hiyo," akauliza, "ni saa ngapi?"